Mume Wangu Hukesha Usiku wa Giza, Nami Nimemchongea

Mpendwa Bi Hasna,

Shikamoo. Mimi ni msikilizaji wako wa huku Bangwe, kipindi chako hatukikosi pale vichanjani tunapoanika dagaa, redio inatundikwa kwenye mti wa kichanja na sote tunanyamaza, na mara nyingi mimi ndiye wa kwanza kucheka matatizo ya wenzangu, leo zamu imenifikia na wala sijui nianzie wapi. Naomba jina langu ulifiche, niite Mama Kurwa na mume wangu mwite Baba Kurwa, mapacha tunao kweli lakini Bangwe mapacha ni wengi, hakuna atakayetujua.

Bi Hasna, nimemchongea mume wangu. Nimemtangazia uchawi kwa mdomo wangu huu, na Jumamosi kamchape wanakuja nyumbani kwetu, wale wanaopita mitaani wakifukua sakafu za watu kusaka uchawi na kuwanywesha madawa wasiyoyajua, na aliyewaita ni kaka yangu wa tumbo moja, na jana ndiyo nimegundua kwamba mume wangu hana uchawi hata chembe, ana ugonjwa wa kukosa usingizi na anatibiwa kituo cha afya.

Acha nikueleze toka mwanzo. Mume wangu amevua dagaa tangu ujana wake, na kwenye kipe chao, yaani chombo chao cha kuvulia, kazi yake ilikuwa taa. Kwa wasiolijua ziwa letu, dagaa wanavuliwa usiku, chombo kinakwenda na taa, dagaa wanaufuata mwanga ndipo wavu unainuliwa, sasa taa ikififia dagaa wanatawanyika na chombo kizima kinarudi mikono mitupu, kwa hiyo mtu wa taa hasinzii, akisinzia atatukanwa mwalo mzima mpaka watoto wamwimbe. Mume wangu hakuwahi kutukanwa. Alishika taa mpaka mvi zikamtoka, kisha mgongo ukamshinda, mwaka juzi akaliacha ziwa na sasa anauza nyuzi na maboya pale Rusimbi. Mimi nilifurahi jamani, nikasema hatimaye na mimi nina mume wa kulala nyumbani kama wanawake wenzangu, nikanunua na godoro jipya.

Kumbe hapo ndipo balaa lilipoanzia. Huyo mwanamume hakulala. Anajigeuza upande huu, anajigeuza upande ule, anapumua kama mtu aliyepanda mlima, anawasha simu kuangalia saa, anazima, anawasha tena, na mchana sasa ndiyo anasinzia dukani, wateja wanamkuta mdomo wazi wanajihudumia wenyewe. Akaenda duka la dawa akanunua vidonge bila kuandikiwa na daktari, akalala kweli, lakini asubuhi akawa anapepesuka kama mlevi, siku moja akaanguka mlangoni pa choo akachubuka uso, nikavichukua vile vidonge nikavitupa. Baada ya hapo akawa mtu wa kimya. Sikumuuliza, nilidhani ameniwekea kinyongo cha vidonge vyake.

Halafu mwaka huu akaanza mambo mapya, na hapa Bi Hasna ndipo akili yangu iliponitoka. Kwanza haji kitandani mapema, mimi nalala yeye anabaki sebuleni. Akija, akikaa kidogo, nasikia anatoka kitandani polepole kama mwizi, anafungua mlango wa uani, anakaa kwenye kigoda gizani bila taa, mikononi ana wavu mkuukuu anaupapasa tundu moja moja, na midomo inamtembea. Hasemi kwa sauti, midomo tu, nami namchungulia dirishani. Nikimuuliza, "Baba Kurwa, kuna nini huko nje?" ananijibu, "Lala mama, hakuna kitu." Na alfajiri anaamka wakati ule ule, awe amelala asiwe amelala, Jumapili hata sikukuu. Mchana nikimwona macho mekundu namwambia njoo ujinyooshe kidogo, anasema, "Hapana, nimekatazwa." Umekatazwa na nani? Anashika njia ya dukani. Bi Hasna, hilo neno lilinitoa kijasho chembamba, maana mtu mzima na kitanda chake alichokinunua kwa jasho lake, nani wa kumkataza kukilalia kama si wakubwa wake wa usiku?

Na kilichonimaliza kabisa ni mwezi. Nilianza kumchunguza, nikaona mbalamwezi ikiwa juu mume wangu analala, anakoroma hata, mpaka naona aibu kwa niliyoyawaza, lakini mwezi ukianza kuchelewa kutoka na giza likashika, basi yuko nje na wavu wake. Miezi yote ni hivyo hivyo. Nikajiambia, mchawi gani atatembea kwenye mwanga? Giza ndilo lao. Hapo sikuwa na shaka tena.

Nikamwambia Yunisi. Tunaanika kichanja kimoja, nikamwambia kwa siri, na yeye akaapa kwamba limeingia shimoni, na kabla dagaa wa siku ile hawajakauka mwalo mzima ulikuwa unajua. Jirani yetu Jean, yule mvuvi ambaye kwao ni ng'ambo ya Kongo, akaja kuniuliza, "Tantine, ule papa anafanyaka nini pale inje usiku? Miye nikirudi ku ziwa namukuta tu pale anakaa. Bibi yangu anaogopa hata kutoka." Nami badala ya kumtetea nikainamisha kichwa. Mtoto wa nyumba ya tatu akashikwa na homa, wakasema ni yeye. Wateja wakapungua dukani. Mume wangu anadhani watu wamemchoka kwa sababu hana kipe tena, juzi ameniambia, "Ukiacha ziwa, na watu wa ziwa wanakuacha," nami nikageuza uso nikajifanya napepeta mchele.

Ndipo kaka yangu Eliakimu akaja. Akaniambia, "Dada, usihangaike peke yako. Vijana tumeshakubaliana, Jumamosi kamchape wanapita kwako. Wewe kazi yako ni kuhakikisha shemeji hatoki." Na mimi nikasema sawa. Nilisema sawa, Bi Hasna.

Sasa jana niko vichanjani, anakuja mwanamke kununua dagaa, simjui, tunapatana bei, ananitazama, anasema, "Wewe si mke wa Baba Kurwa wa Rusimbi, wa duka la nyuzi? Mimi ni nesi Veneranda. Mwambie asilegeze kamba, anakwenda vizuri, wagonjwa wangu wote wangefuata masharti kama yeye ningekuwa na raha." Mgonjwa? Masharti? Dagaa wakaniponyoka mkononi. Nesi naye akashtuka, akasema, "Kwani hujui? Nilimwambia aje na wewe, akaniambia mke wangu anafahamu yote." Nikamvuta pembeni, nikamwomba kwa machozi anieleze, akasita, akaniambia yale tu ambayo ningeyasikia kama ningefuatana na mume wangu kliniki.

Akasema mume wangu alikwenda akiwa amechoka mpaka anatetemeka, wakampima wakaona mwili hauna ugonjwa mwingine, maradhi yake ni usingizi umeharibika, na tiba yake si ya vidonge, ni ya mazungumzo na kubadili mazoea. Kwamba asiende kitandani mpaka usingizi umembana hasa. Kwamba akilala usingizi usije, asigaegae, atoke, akae mahali pa giza tulivu afanye kitu cha kuchosha kisicho na maana, usingizi ukirudi naye arudi. Kwamba aamke saa ile ile kila siku na mchana asilale hata kidogo. Saa asiitazame. Na kwamba wamezungumza naye mambo anayoyawaza akifumba macho, akamwambia anaona kama akilala tu, taa itazimika na wenzake watarudi mikono mitupu. Nesi akamfundisha kujijibu: taa ina mtu mwingine sasa. Hayo ndiyo aliyokuwa anayanong'ona kule uani, Bi Hasna. Mume wangu alikuwa anajibembeleza alale, mimi nikaenda kumwitia watu wa kumfukua.

Nikakaa mchangani. Lakini nikamuuliza nesi, sasa mbona mbalamwezi analala na giza halali? Akafikiri, akasema hilo mume wangu hajawahi kumtajia na yeye hana jibu, yeye kwao ni Kidahwe, ziwa amelikuta ukubwani. Basi na mimi roho moja inaniambia mume wangu hana kosa, roho nyingine inaniambia, na mwezi je?

Jana hiyo hiyo nilimwendea kaka yangu nikamwomba awazuie, akanikatalia, akasema, "Ukirudi nyuma sasa hivi, watu watasema na wewe umo." Nikimwambia mume wangu ukweli ataniacha, na haki yake. Nikinyamaza, Jumamosi inafika. Usiku wa kuamkia leo nimelala pembeni yake nikimsikiliza akitoka kitandani, nami usingizi umenikimbia kama yeye. Bi Hasna, nifanye nini?

Mimi Mama Kurwa, Bangwe.

*

JIBU LA BI HASNA

Mama Kurwa, marahaba. Barua yako imenifikia leo asubuhi, na majina yote nimeyabadilisha kabla ya kuisoma hewani, hata la kaka yako, ingawa yeye ningependa sana kumtaja.

Nimefanya kazi hii mpaka nilidhani hakuna barua ya kunitoa kwenye kiti. Yako imenitoa. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nimezunguka nayo studio, fundi mitambo akaniuliza kama nimefiwa. Umesema sawa? Mtu anasimama mlangoni kwako anakwambia watu wanakuja kumfukulia mumeo sakafu, nawe unamjibu sawa, kama mtu aliyeulizwa aongezewe pilipili? Naona haya kwa niaba yako, na naogopa kwa ajili ya mumeo. Nakuhurumia pia, maana kulala pembeni ya mtu uliyemchongea si jambo dogo, na najua umeandika huku unalia. Lakini machozi tutayarudia baadaye, kwanza tutengeneze.

Tuanze na ugonjwa. Umeshangaa mtu atibiwe usingizi kwa kuondolewa kitandani, na hushangai peke yako, hata mimi niliposikia mara ya kwanza nilimcheka daktari aliyenieleza. Sikiliza basi. Mtu akikaa muda mrefu kitandani akihangaika, mwili unajifunza kwamba godoro ni mahali pa kukodoa macho. Anasinzia vizuri kwenye kiti cha dukani, akigusa mto tu macho pima. Godoro lako jipya, Mama Kurwa, lilikuwa halijawahi kumwona amelala. Kwa hiyo anaufundisha mwili upya: kitandani ni pa kulala, na yale ya mume na mke, basi. Kuhangaika kufanyike kigodani. Na anapunguziwa saa za kujilaza ili usingizi aupate kwa mkupuo, usije vipande vipande, halafu ukishatulia anaongezewa kidogo kidogo. Mwanzoni inachosha kweli, mtu anakuwa na macho mekundu na hasira za karibu, ndiyo maana wengi huishia njiani na kurudi kwenye vidonge. Mumeo hakuishia njiani. Ameng'ang'ana peke yake, bila mtu wa kumpa moyo, huku mke amekaa dirishani anamchunguza.

Tena hiyo ndiyo tiba ambayo kwa mtu mzima aliyekosa usingizi kwa muda mrefu hutakiwa kutangulia vidonge. Haina chupa wala sindano, ndiyo maana hukuiona ndani ya nyumba. Vile vidonge vya dukani ulivyovitupa, hapo nakusifu, ingawa ungemwuliza kwanza, maana aliyevizoea kwa muda mrefu hakatizwi ghafla bila daktari kujua. Na wewe, Baba Kurwa wa popote pale unayenisikia, kosa lako nalo nitalisema: umemdanganya nesi kwamba mke anafahamu. Umeona haya gani? Mgongo ulipokuuma ulimwambia mkeo akukande. Usingizi ulipokukataa ukaona ukisema utaitwa mwendawazimu. Ungefungua mdomo, leo nisingekuwa nasoma barua hii.

Sasa la mwezi, ambalo limekushinda wewe na nesi wa watu. Nesi nimemsamehe, kwao Kidahwe, huko wanahesabu mvua na mihogo. Lakini wewe? Wewe unayeanika dagaa, ambaye bila kalenda unajua lini utakuwa na kazi na lini utakaa mikono mapajani? Nijibu hapo ulipo. Mbalamwezi ikiwaka, vipe viko wapi? Vimevutwa mchangani. Dagaa hawaifuati taa wakati ziwa zima lina mwanga. Wanaume wako nyumbani, wanashona nyavu, wanacheza bao, wanaposa, wanalipiza usingizi. Giza likiingia, wako wapi? Wote majini mpaka kuche.

Basi mumeo tangu ujana wake alilala kwake usiku gani? Wa mbalamwezi. Na usiku wa giza alikuwa ameshika nini mkononi? Taa! Mwili wake haujapewa habari kwamba ameacha ziwa. Giza linaingia, mwili unaamka kwenda kazini, unaukuta mgongo mbovu na godoro jipya. Mchawi yuko wapi hapo? Hapo kuna mvuvi. Nawe uliyemfungia chakula cha kwenda nacho ziwani kila giza, ukasimama mlangoni ukamuaga, miaka yote hiyo, ndiye uliyeshangaa kwamba giza likiingia yuko macho. Mama Kurwa, mtoto yeyote wa Bangwe angekujibu, lakini ulikwenda kumuuliza Yunisi.

Usinielewe vibaya. Sijasema hofu yako ilikuwa ya kujifanya. Ukimya ndani ya nyumba unatisha, na neno "nimekatazwa" hata mimi lingenikosesha raha. Lakini maswali yako ulimpa kila mtu isipokuwa mwenyewe, yeye ulimuuliza mara moja au mbili tu, tena kupitia dirishani.

Nina neno na vijana waliokubaliana. Najua mko mwaloni na redio inasikika mpaka hapo mnapofumia nyavu. Ninyi ni wavuvi. Huyo Jean mwenyewe kasema anamkuta mzee nje akirudi ziwani, na yeye Jean alikuwa wapi usiku huo, kitandani? Kama kuwa macho usiku wa giza ni uchawi, waambieni kamchape waanze kwa mama zenu wanaowasubiri, kisha wafukue kwenu ninyi. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe malaria, hatapoa kwa kuvunjiwa sakafu ya mzee. Tena kumvamia mtu nyumbani kwake na kumnywesha kitu kwa nguvu ni jinai. Atakayekamatwa Jumamosi asije kuniandikia mimi barua.

Mama Kurwa, sasa ushauri, na si wa kesho.

Ondoka hapo vichanjani uende kwa mwenyekiti wa mtaa. Usimtume mtu. Mwambie siku, mwambie nyumba, mwambie nani kawaita, hata kama ni kaka yako. Najua ni kaka yako, ndiyo maana inakuuma, lakini damu ya kaka haimfanyi mumeo kuwa mnyama wa kuwindwa. Ukitoka hapo nenda polisi ukaseme yale yale. Mwenyekiti akikuzungusha, Ijumaa mumeo asilale Bangwe, mpeleke kwa ndugu zake mpaka upepo utulie, na duka lifungwe. Kaka yako amekutisha kwamba watu watasema na wewe umo. Waache waseme. Ulikuwa umo kweli, kwenye kundi la kaka yako, leo unatoka.

Kabla jua halijazama, mwambie mumeo. Mpikie, mkae, umwambie yote, pamoja na ile sawa uliyoisema, usiipunguze wala usimsingizie Yunisi. Usimwambie kitandani. Nimeshakwambia kitanda hicho kina kazi gani, usikipelekee kesi. Atakasirika, na pengine atanyamaza, na huyu akinyamaza ananyamaza kweli. Kaa naye kwenye huo ukimya. Ataondoka? Sijui. Siwezi kukuahidi kitu ambacho ni chake kukitoa. Ninachojua ni kwamba akisikia kwako ana mke aliyekosea, akisikia kwa kamchape hana mke.

Kisha rudi vichanjani, pale pale ulipoanzia. Simama useme kwa sauti ile ile, Yunisi akisikia na mke wa Jean akisikia, kwamba mume wako anaumwa usingizi, anatibiwa, na maneno yale yalikuwa yako na yalikuwa ya uongo. Watakucheka. Wewe mwenyewe umesema umecheka wengi.

Na siku yake ya kliniki mfuate. Mpeleke kwa nesi Veneranda na habari ya mwezi, umweleze kazi ya giza na ya mbalamwezi, maana mumeo hakujua kwamba ni jambo la kusema, kwake hiyo ni kawaida kama kunawa uso. Nesi akilijua hilo, atajua wiki zipi za kumshika mkono zaidi. Nyumbani mwache aamke saa yake, usimbembeleze alale mchana, chai ya rangi ya jioni ipunguze. Ukimsikia anakoroma kisha pumzi inakatika, umwambie nesi, huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine. Na usitegemee apone wiki hii. Aliyekesha miaka yote hiyo hafunzwi kulala kwa siku mbili.

Imebaki moja, ya usiku. Giza litamtoa tena kitandani, na ni sawa, ndiyo tiba. Usimvute shati arudi, usichungulie dirishani. Chukua kigoda chako ukae karibu naye, bila hadithi ndefu, usije ukamchangamsha. Kutoka uani kwenu taa za vipe zinaonekana kule majini, najua, nimekulia Ujiji, na sisi tulikuwa tukizitazama. Mwonyeshe. Mwambie, "Baba Kurwa, zinawaka. Zote zina watu." Akisikia usingizi, arudi ndani, nawe urudi naye. Na majirani wakichungulia, wakute vigoda viwili.

Sasa iache hiyo redio, wenzako wataizima. Mwenyekiti anafunga ofisi mapema.